Anakojoa akishainuka kwenye poti

Pole mama. Huyo wako wa miaka 2 na miezi 3, anayekaa kwenye poti bila kutoa kitu halafu anakojoa kwenye zulia akiinuka tu, si mkaidi. Bado anajifunza kuachilia mkojo akiwa ameketi. Usimkalishe zaidi ya dakika 5. Mkalishe akiamka, na tena muda mfupi baada ya uji, kwa sababu chakula kikiingia tumboni, matumbo huanza kusukuma choo.

Ila kwanza ongea na dada anayebaki naye mchana. Sisi tulihangaika wiki 3 kabla sijagundua kwamba nikishapanda matatu asubuhi, mtoto anarudishiwa daipa ili zulia lisilowe. Nilinunua chupi 8 za mpira kiunoni, anazoweza kushusha mwenyewe, tukakubaliana hakuna kumgombeza. Mambo yakabadilika.

Usiku mwache na daipa. Kukauka usiku huja baadaye, wengine hata wakiwa na miaka 5. Na akianza kubana choo kikubwa, simamisha mazoezi, mpe papai na maji ya kutosha. Choo kigumu kikimuumiza mara moja, ataliogopa hilo poti kabisa.