Maswali Yenu: Kutoka Kambini Hadi Bunge la Kaunti

Swali: Mimi ni sajini jeshini. Nataka kuwania kiti cha MCA (mwakilishi wadi katika bunge la kaunti) hapa wadi ya Lanet/Umoja mwaka 2027, tena bila chama. Sina digrii. Nianzie wapi? – Msomaji, Nakuru

Jibu: Digrii isikutoe jasho, afande. Mahakama Kuu iliondoa sharti hilo kwa wawakilishi wadi mwaka 2021. Kikwazo chako ni kalenda. Uchaguzi ni Agosti 10, 2027, na Sheria ya Uchaguzi inamtaka mtumishi wa umma ajiuzulu angalau miezi sita kabla, yaani asipitishe Februari 10. Jeshini nako huandiki barua leo ukaondoka kesho. Ombi linapanda ngazi kwa ngazi, vifaa vinarudishwa stoo, na hadi uachiliwe rasmi wewe bado ni mwanajeshi. Basi ombi hilo lianzishe mapema, miezi mingi kabla ya Februari. Cheti cha kuachiliwa kitoe nakala kadhaa. Mpinzani akienda kortini kudai ulichelewa kutoka, tarehe iliyo pale ndiyo utetezi wako.

Mgombea huru hatakiwi kuwa mwanachama wa chama chochote kwa miezi mitatu kabla ya uchaguzi. Chungulia jina lako kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, hata kama hujawahi kujiunga na chama, maana mwaka 2021 Wakenya wengi walijikuta wameandikishwa bila habari.

Halafu kuna sahihi 500 za wapiga kura wa wadi hiyo. Hapa ndipo watu hukwama. Lanet imejaa wapangaji, na wengi walijiandikishia kura nyumbani, Busia au Kisii. Mtu huyo atakusainia kwa moyo mweupe na sahihi yake isihesabiwe. Muulize kwanza kituo anachopigia kura, kisha andika nambari ya kitambulisho papo hapo. Kusanya hata 700, kwani waliosaini mara mbili nao watakatwa.

Ada ya kugombea inayolipwa IEBC, tume ya uchaguzi, ni shilingi 5,000, nusu yake kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Na sare iache kambini: kuivaa kwenye kampeni ni kujitafutia kesi.

Swali: Akishinda, MCA aliyekuwa mwanajeshi anaweza kutuletea usalama mtaani? – Msomaji, Bahati

Jibu: Polisi hawako chini ya kaunti, kwa hiyo anayekuahidi kituo cha polisi anakudanganya. Taa za barabarani, hata hivyo, ni kazi ya kaunti, na hizo anaweza kuzipigania. Ombi liingie kwenye mpango wa maendeleo wa mwaka, ambao hufikishwa katika bunge la kaunti kufikia Septemba 1. Makadirio ya bajeti hufuata kufikia Aprili 30, yapitishwe kabla ya Juni 30. Anayeamka Mei hukuta viwango vya fedha vya kila idara vilishawekwa tangu Februari. Tena Nakuru ina wadi 55, na kila mwakilishi anataka taa zake. Mle ndani haamrishi mtu, itabidi abembeleze kura za wenzake.