Anza na Skrini ya Karani, Themu Itafuata

Vijana wanaoanza kutengeneza tovuti hapa Mtwara huniuliza kazi ya mteja waianzie wapi kwenye WordPress, programu ya kuendeshea tovuti. Nawajibu waanze na skrini ile ambayo karani wa mteja ataifungua kila siku kuingiza taarifa. Rangi, herufi, picha kubwa ya bahari ya Mikindani juu ya ukurasa wa kwanza, hayo yote yanasubirika. Karani hasubiriki, maana siku akishindwa yeye tovuti imekufa hata kama bado inafunguka.

Nilijifunza hili kwa chama cha msingi kimoja cha wakulima wa korosho, upande wa Newala. Walitaka jambo dogo: baada ya kila mnada, mkulima aone kwenye simu yake tarehe, ghala, kilo zilizouzwa, bei ya juu na bei ya chini. Nilikaa mwezi mzima kwenye themu, yaani mafaili yanayoipa tovuti sura yake. Bei zenyewe niliziweka kama jedwali ndani ya ukurasa wa kawaida, nikampa karani akaunti ya mhariri. Oktoba msimu ulipofunguliwa, karani akafungua ukurasa ule kwa simu, akajaribu kuongeza mstari mmoja, jedwali likavurugika lote. Alijaribu mara ya pili, kisha akarudi kwenye utaratibu wake wa kubandika karatasi ukutani. Alifanya sawa kabisa. Wakulima walihitaji bei siku ileile.

Nikapanda basi la alfajiri nikaenda kukaa naye. Alikuwa na daftari la mistari, kalamu mbili, na simu yenye kioo kilichopasuka pembeni. Nikaona kwamba hata siku moja haandiki "ukurasa". Anaandika mnada: mnada wa kwanza, mnada wa pili, kila mmoja na ghala lake. Basi nikasajili aina mpya ya maudhui kwa amri ya register_post_type, nikaiita mnada. Kwenye 'supports', orodha ya sehemu zitakazoonekana kwenye skrini hiyo, niliacha kichwa peke yake ili ile sehemu kubwa ya kuandikia makala isimchanganye. Chini yake nikaweka visanduku vitano, kwa mpangilio uleule wa daftari lake. Vitufe na lebo vyote niliviandika kwa Kiswahili chake: "Ongeza Mnada", "Kilo Zilizouzwa", "Bei ya Juu". Usimwachie mtu lebo aliyoizoea fundi.

Siku ya mnada uliofuata mzee mmoja akanipigia. "Mwanangu, hii shilingi mbili kwa kilo mmeitoa wapi?"

Shilingi mbili! Karani alikuwa ameandika kama tunavyoandika sote: 2,150/=. Mimi kwenye msimbo niliigeuza kuwa namba kwa amri ya intval. PHP, lugha iliyoandikiwa WordPress, ikisoma maneno kama hayo huchukua tarakimu za mwanzo na kuishia pale inapokuta kitu kisicho tarakimu, yaani kwenye mkato. Ikabaki 2. Hapakuwa na onyo lolote, na ukurasa ukaitangaza kwa wilaya nzima. Kwa mkulima aliyepeleka magunia yake ghalani na anasubiri malipo, namba ile ni hofu ya kweli, na hofu ile niliisababisha mimi.

Kwa hiyo kila kisanduku cha fedha nafuta kwanza vyote visivyo tarakimu, kisha nageuza kuwa namba, kisha naweka mipaka. Mipaka ni ya lazima. Mtu akiandika 2,150.00 na wewe ukafuta alama zote, umepata 215000. Kwa korosho ghafi nakataa chochote chini ya 500 au juu ya 10,000, na fomu inamrudishia karani sentensi anayoielewa: "Bei ya juu inaonekana si sahihi, itazame tena." Kwenye kisanduku naongeza inputmode="numeric" ili simu ifungue kibodi ya namba. Ni maneno machache tu, ila ukiona dole gumba likihangaika kutafuta tarakimu kwenye jua la saa nane utayathamini.

Kosa la pili liliniumiza zaidi kwa sababu nilikuwa nimeshaambiwa nisilifanye. Usajili ule wa minada niliuweka kwenye functions.php, faili la msimbo la themu. Mwaka uliofuata viongozi wakataka sura mpya. Nikawasha themu nyingine, na menyu ya Minada ikatoweka kwenye dashibodi, pamoja na kurasa zake zote. Katibu alidhani kumbukumbu za msimu mzima zimefutwa. Hazikufutwa, zilikuwa bado kwenye hifadhidata, lakini hapakuwa tena na msimbo wa kuiambia WordPress kwamba mnada ni kitu gani. Kilicho mali ya mteja kisajili kwenye plagini yake ndogo, yaani programu ya nyongeza isiyotegemea themu. Themu iwe na kazi ya kuonyesha tu. Na kama unarekebisha themu ya mtu mwingine, tengeneza themu mtoto, inayorithi ile ya awali na kubeba marekebisho yako pembeni, maana toleo jipya likija mafaili ya themu mama hubadilishwa na kazi yako hupotea nayo.

Tuje kwenye ruhusa. Cheo cha mhariri kinaruhusu kufuta kurasa zote za tovuti, na karani wa bei hana haja nacho. Kwenye 'capability_type' ya usajili uleule unaweza kutoa umoja na wingi, array('mnada', 'minada'), na kwa 'map_meta_cap' ikiwa true WordPress itakuundia ruhusa kama edit_minada na publish_minada. Ngeli zetu zinakaa humo vizuri tu. Angalia mambo mawili. Ruhusa hizi mpya msimamizi mkuu hazipati hivihivi, lazima umwongezee, la sivyo menyu itamfichika hata yeye. Pia add_role, amri ya kuunda cheo kipya, huandika kwenye hifadhidata, kwa hiyo iite mara moja plagini inapowashwa. Ukibadilisha msimbo baadaye, cheo cha zamani kinabaki kama kilivyokuwa mpaka ukiondoe.

Wengine huridhika na kuficha menyu kwa amri ya remove_menu_page. Kuficha si kufunga: mwenye anwani ya ukurasa ule anaufungua. Kabla ya kuhifadhi chochote hakiki ruhusa kwa current_user_can na nonsi ya fomu, yaani alama ya siri inayothibitisha kwamba fomu imetoka kwenye tovuti yako, na unapoonyesha kilichoandikwa kipitishe kwenye esc_html ili kisisomwe kama msimbo. Usiliruke hili hata kwa tovuti ndogo ya kijijini.

Picha za ghala punguza ukubwa, bando la mkulima ni fedha yake.

Safari ya mwisho nilimkabidhi karani simu bila kumwelekeza, nikatazama. Aliingiza mnada mzima bila kuniuliza kitu. Kisha akasita juu ya kitufe cha Chapisha. "Kaka, nikikosea hapa jina ni langu. Haiwezekani katibu aitazame kwanza?" Mwezi mzima wa themu na majuma ya msimbo, na swali hilo sikuwahi kujiuliza. Jibu lilikuwa tayari ndani ya WordPress. Nilimwondolea publish_minada, na kitufe chake kikawa cha kuwasilisha mnada ili ukaguliwe. Bei inakaa ikisubiri, katibu anailinganisha na karatasi ya mnada, anachapisha. Jioni ile tuliijaribu kwa mnada wa siku hiyo, yeye akiwa ghalani na katibu ofisini.