Inhela ya kahawia na kimo cha mtoto

Mama Wambo, umeuliza kama ile inhela ya kahawia ya pumu, beklometasoni, itamfanya kijana wako awe mtumwa wa dawa au abaki mfupi, kama jirani yako anavyosema. Utumwa, hapana. Kuhusu kimo, jirani ana chembe ya ukweli. Steroidi ya kuvuta (dawa ya kupunguza uvimbe, kama hiyo ya kahawia) inaweza kumpunguzia mtoto kama sentimita moja, hasa mwaka wa kwanza. Marekani walifuatilia watoto waliotumia budesonidi, steroidi nyingine ya kuvuta, mpaka wakawa watu wazima, wakakuta pengo la sentimita 1.2 kati yao na wasioitumia. Upana wa kidole tu!

Mwanangu naye alipoivuta alitokwa na utando mweupe ulimini, kama maziwa yaliyoganda. Kumbe hakuna aliyeniambia asukutue mdomo na kutema kila akishavuta. Tukaanza kusukutua, tukatumia na spesa, kile chombo kinachokaa kati ya inhela na mdomo (hata chupa ya soda ya nusu lita iliyotobolewa vizuri kitakoni inafanya kazi), na utando haukurudi.

Mimi naogopa zaidi ile inhela ya bluu ya kutuliza haraka tunayoikimbilia baridi ya Julai ikiingia. Mikono kutetemeka na moyo kwenda mbio hupita. Shida ni kwamba inafungua mirija ya hewa tu, uvimbe wa ndani unabaki. Akiihitaji zaidi ya mara mbili kwa wiki, rudini kliniki. Vidonge vya prednisoloni (steroidi ya kumeza) vya mara kwa mara ndivyo huchosha mifupa na kupandisha sukari, na ya kahawia ndiyo humwepusha navyo. Usiikatize eti kwa sababu siku hizi hakohoi.