Nyumba ya urithi Kisauni: kabla ya rangi, tafuta maji yanakotoka

Dada, pole kwa msiba, na pole pia kwa mzigo ulioachiwa. Nimekuelewa hivi: nyumba ya marehemu mzee iko Kisauni hapa Mombasa, wewe uko Nakuru, wapangaji wamo ndani, plasta inabambuka kila mwaka, fundi anataka tena pesa za rangi, na mpangaji mmoja amezuia kodi mpaka choo chake kitengenezwe. Jamaa nao wanakwambia uuze tu upumzike. Mimi nakaa Tudor, nina nyumba ya kupangisha Mishomoroni, na ile ya ukoo kule Kibokoni naisimamia kwa niaba ya ndugu zangu. Nitakujibu kwa niliyoyaona na kuyagharimia mwenyewe, na nitakuwa mrefu, maana ukianza vibaya utamwaga pesa chini.

Rangi iache kwanza. Hapa Mombasa nyumba inaliwa na vitu viwili, chumvi na maji, na vyote huingia taratibu kabla hujaona dalili. Plasta ikibambuka, swali la kumuuliza fundi ni maji yanatoka wapi. Akikosa jibu, usimpe hata shilingi ya brashi. Njia ni nne tu: maji yanapanda kutoka chini, yanashuka kutoka juu, yanavuja kwenye bomba lililozikwa ukutani, au chumvi ilitiwa humo tangu siku nyumba inajengwa.

Ya chini utaijua kwa alama. Ukuta unabambuka kuanzia sakafuni hadi kama usawa wa kiuno, na ukiupangusa kwa kiganja unatoka unga mweupe. Ule unga ni chumvi. Maji yanapanda ndani ya jiwe, yanakauka usoni, chumvi inabaki na kusukuma plasta nje. Nyumba zetu nyingi za zamani zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na jiwe hilo linanyonya maji sana. Wazee walilijua hilo, ndiyo maana walitia plasta ya chokaa na kupaka chokaa juu yake: ukuta unalowa na unakauka wenyewe. Sisi tukaja na simiti. Simiti inaziba, unyevu unakosa pa kutokea, unapanda juu zaidi na kutokea pale simiti ilipoishia. Kibokoni niliwaona waashi wakibandua plasta ya simiti ikianguka vipande vikubwa kama sinia, na nyuma yake jiwe limelowa chepechepe ilhali mvua haijanyesha muda mrefu.

Ikiwa nyumba ya mzee ni ya mawe ya aina hiyo, dawa ni kubandua simiti yote iliyooza hadi juu kidogo ya pale unyevu ulipofika, kusugua ule unga kwa brashi kavu (usiuoshe kwa maji, utaurudisha ndani), kuuacha ukuta ukauke wiki kadhaa wakati wa jua, kisha plasta ya chokaa iliyorowekwa vizuri. Waashi wanaojua kazi ya chokaa wamepungua, lakini wapo, hasa wanaofanya kazi Mji wa Kale. Ulizia kwa watu wa huko. Na kama kuna mwenzako mwenye nyumba Mji wa Kale kwenyewe anasoma hapa, kumbuka ni eneo la hifadhi: ofisi ya hifadhi iliyo chini ya Makumbusho ya Taifa lazima ijue kabla hujagusa ukuta wa nje, mlango au roshani.

Sasa ya juu. Umesema sehemu ya nyuma ina slabu, yaani paa bapa la zege, na vyoo viko chini yake. Hapo ndipo roho yangu ilipostuka, kuliko hata hiyo plasta. Mwambie mtu unayemwamini aingie choo cha yule mpangaji aliyezuia kodi, atazame dari. Akiona mistari ya rangi ya kutu, au nyufa zinazokwenda sambamba, achukue mpini wa nyundo agonge polepole. Pazima panalia kwa mlio mkavu, mzito. Palipooza panalia wazi, kana kwamba nyuma yake hamna kitu, na mara nyingine kipande kinaanguka palepale, kwa hivyo asisimame chini yake. Nyuma ya kipande hicho utakuta nondo, vile vyuma vinavyolazwa ndani ya zege. Niliwahi kuishika moja ikabanduka matabaka matabaka mkononi, na chuma kilichobaki katikati kilikuwa chembamba kuliko kidole changu kidogo. Kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, ndiyo sababu inapasua zege kutoka ndani. Ukipaka rangi hapo, au ukaziba kwa simiti tupu, unaificha tu inaendelea kula.

Kutengeneza kwenyewe ni hivi: zege iliyooza inachongwa hadi nyuma ya nondo, nondo inasuguliwa kwa brashi ya waya mpaka iwe safi, inapakwa dawa ya kuzuia kutu, ndipo inajazwa kwa mchanganyiko mzito. Lakini nondo ikiwa imekonda, au ufa uko kwenye boriti au nguzo, hapo fundi asiguse. Tafuta mhandisi aliyesajiliwa na bodi ya wahandisi aje aone. Malipo yake yanauma, ila wanalala watu chini ya hiyo slabu.

Hii ya chumvi ya tangu mwanzo ndiyo inayoniudhi kuliko zote, kwa sababu inafanywa mchana kweupe. Mchanga wa pwani uko karibu na ni rahisi, na maji ya kisima cha chumvi hayana bili. Fundi anachanganya zege kwa vyote viwili, mwenye nyumba yuko mbali, slabu inatoka nzuri inang'aa, na miaka michache baadaye nondo zinaanza kutapika kutu. Kwa kazi yoyote yenye chuma ndani, mchanga uwe wa mto na maji yawe matamu, hata ikibidi kununua boza. Andika hilo kwenye makubaliano, na siku ya kumwaga zege awepo mtu wako. Kuonja maji ya pipa kwa ncha ya ulimi hakuhitaji elimu.

Kuhusu slabu kuvuja: usiruhusu taili ziwekwe juu kabla ya kuijaribu. Zibeni matundu ya kutolea maji ya mvua, jazeni maji yafike usawa wa vidole vitatu vilivyolazwa, yakae siku nzima na usiku wake, halafu tazameni chini. Pakilowa, kazi haijaisha na malipo hayajaisha. Mara nyingi tatizo ni kwamba slabu haina mteremko, au matundu yamezibwa na majani na mifuko. Mvua za Novemba 2023, mji ulipofurika, nyumba nyingi ziliingiwa na maji kwa sababu hiyo tu ya matundu.

Mbele kama ni mabati, kwetu huku usinunue geji 30 kwa sababu tu ni rahisi. Geji 28 ni nene zaidi na upepo wa bahari hauimalizi haraka. Kagua misumari kwanza, kwani inakufa kabla ya bati. Na kazi zote za paa zifanye kaskazi inapovuma, Januari na Februari. Ukingoja Aprili mafundi wote wameshikwa, bei imepanda, na masika yako mlangoni; Mei ndio mwezi wa mvua nyingi kuliko yote hapa.

Maji ya bomba. Kwa vile maji ya kaunti yanakuja kwa zamu, wengi tuna kisima cha chumvi pia. Weka matangi mawili na njia mbili tofauti: ya chumvi iende vyooni na kwenye kuosha ua, matamu yaende jikoni na bafuni. Bomba za chuma zing'oe pole pole, chumba baada ya chumba, utie za plastiki zinazounganishwa kwa moto. Kujua kama kuna bomba linalovuja ukutani, fungeni mifereji yote usiku, tangi likiwa limejaa, mtazame mita. Kile kigurudumu kidogo kikiendelea kuzunguka, kuna maji yanapotea, na pengine ndiyo hayo hayo yanayobambua plasta yako.

Hapa niseme neno la shawa za umeme. Wapangaji wanajiwekea wenyewe, kisha wanaziunganisha na maji ya chumvi. Maji ya chumvi yanapitisha umeme zaidi na yanakula koili haraka. Nyumba kuukuu nyingi hazina waya wa ardhini unaofanya kazi. Mtu anashika mfereji, anapigwa. Kataza kabisa shawa yoyote ambayo haikuwekwa na fundi wa umeme mwenye leseni ya EPRA (mamlaka ya nishati), na mwambie fundi huyo aukague waya wa ardhini wa nyumba nzima akiwa hapo. Kwa hili usibembeleze mtu.

Shimo la choo linyonywe kabla ya masika, usingoje lijae. Ardhi yetu ni ya matumbawe, ina vitundu, na maji machafu yanasafiri ndani yake mpaka visimani. Kama kisima kiko karibu na shimo, maji yake yasitumike kupikia wala kuoshea vyombo, hata yakiwa maangavu.

Nije kwa mpangaji wako. Usigombane naye kabla hujaona hicho choo. Sheria ya Ardhi ya 2012, kifungu cha 65, inamtaka anayepangisha nyumba ya kuishi aikabidhi ikiwa inafaa kukaliwa na binadamu, na aendelee kuiweka hivyo muda wote wa upangaji. Paa, kuta za nje, mifereji mikuu ya maji taka, hayo ni yako. Balbu aliyoiunguza, kitasa alichokivunja, hayo ni yake. Mpigie mwenyewe, umsalimie kwa heshima kama alivyokuwa akisalimiwa na mzee, umwambie lini fundi atakuja. Na uwaambie wote kwamba anayeripoti uvujaji mapema hataongezewa kodi wala kusumbuliwa. Wapangaji wengi wananyamaza kwa kuogopa kuambiwa wao ndio waliovunja, na huko kunyamaza ndiko kunakokula slabu. Kwangu tumekubaliana kwa maandishi: marekebisho madogo yasiyozidi kiasi fulani mpangaji anafanya, ananitumia risiti na picha, anakata kwenye kodi ya mwezi unaofuata. Kwa wewe uliye mbali, utaratibu huo utakufaa kuliko kumtuma binamu kila mfereji ukidondoka. Anapoingia mpangaji mpya, piga picha kila chumba mkiwa wote wawili. Siku ya kurudisha amana hamtabishana.

Mafundi. Vifaa nunua wewe, ulipe hadiwea moja kwa moja kwa simu na risiti itumwe. Fundi mlipe ufundi wake tu, kwa kazi iliyopimwa, wala si kwa siku. Mpe kianzio cha yeye na mtu wake wa mkono kula na nauli, cha katikati kazi ikionekana, na sehemu ya mwisho ibaki mpaka mvua moja nzuri ipige juu ya kazi yake. Fundi mwaminifu hatokasirika ukimweleza mapema. Ukimpata anayeijua nyumba, mshike. Usimbadilishe kwa tofauti ya mia tano.

Kuhusu pesa zenyewe, toa fungu la matengenezo kwenye kila kodi inapoingia, kabla hujaigawa kwa warithi, na liwe kwenye akaunti yake. Ndugu wataguna mwanzoni. Na hesabu ushuru: tangu Januari 2024 ushuru wa mapato ya nyumba za kuishi ni asilimia 7.5 ya kodi yote unayopokea kwa wapangaji (kabla ya hapo ilikuwa 10), kwa anayepata kati ya shilingi 288,000 na milioni 15 kwa mwaka, na hulipwa kabla au ifikapo tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Kwa utaratibu huo hukatiwi gharama za matengenezo hata kidogo. Lakini unaweza kumwandikia kamishna wa ushuru ukachagua kutozwa kwa faida ya mwaka, ambapo gharama za ukarabati zinatolewa kwanza. Mwaka ambao utatengeneza slabu na paa pamoja, keti na mtu wa hesabu mlinganishe njia hizo mbili. Risiti zote zitunze.

Jambo moja kabla hujatoa pesa nyingi: hakikisha ardhi ni ya mzee. Mombasa tuna nyumba bila ardhi nyingi, mtu ana nyumba yake lakini anamlipa mwenye shamba kodi ya kiwanja. Uliza stakabadhi hizo ziko wapi. Kama ni hivyo, slabu na choo tengeneza, ni usalama wa watu, ila mipango ya kuongeza ghorofa isubiri mpaka mkae na mwenye ardhi.

Mimi nisingeuza, kwa hali uliyoieleza. Anza na dari la kile choo, wiki hii ikiwezekana. Ukishatumiwa picha, ziweke hapa: ya dari kwa karibu, ya ukuta kuanzia sakafuni, na useme kisima ni cha chumvi au kitamu. Nitakwambia ninavyoona, na wapo mafundi humu watakaosema zaidi yangu.