Watarajali, madaktari mnaoanza mafunzo kwa vitendo: kabla hamjaandika kipimo

Karibuni wodi ya magonjwa ya ndani. Kiharusi, moyo kushindwa, kisukari, figo, TB: hayo chuo kimewaandaa. Mimi nataka kuwaeleza habari ya pesa, maana nimeona mgonjwa akizidiwa huku karatasi ya kipimo iko mfukoni mwa ndugu yake, haijalipiwa.

Ukiandika vipimo vinane kwa mkupuo, ndugu hakwambii kuwa hana. Anasema "sawa daktari," anatoka nje kupiga simu kijijini, na wewe unasubiri majibu mpaka raundi ya kesho. Uliza mapema: mna bima au mnalipa taslimu? Kisha anza na kipimo kitakachobadilisha matibabu leo. Aliyeletwa hajitambui, mtoboe kidole upime sukari hapo hapo kitandani kabla ya kuwaza CT scan. Kipimo hicho ni cha bei ndogo, na sukari iliyoshuka huharibu ubongo wakati watu bado wanachangishana.

Mwaka wangu wa kwanza nilimpokea mama mmoja wa makamo, miguu imevimba, ukibonyeza kidole shimo linabaki. Moyo. Alikuwa ameruhusiwa wiki 3 tu nyuma. Nikaandika kwenye faili: "hatumii dawa." Jioni akafungua pindo la khanga anionyeshe. Vidonge vya furosemidi, dawa ya kutoa maji yaliyozidi mwilini, kila kimoja kimekatwa nusu kwa wembe. Alikuwa akinywa kila siku, nusu nusu, ili vimfikishe mwisho wa mwezi. Nilipiga mstari kwenye yale maneno, nikaandika upya. Bado yananiuma, kwa sababu sikuwa nimemuuliza kitu.

Afisa ustawi wa jamii aitwe siku ya kwanza. Sera ya afya ya Tanzania inawapa msamaha wa malipo wajawazito, watoto chini ya miaka 5 na wazee wa miaka 60 kwenda juu wasiojiweza, lakini msamaha haujiandiki wenyewe kwenye faili. Ukingoja siku ya kuruhusiwa, mzee aliyepona atabaki kitandani na bili inaendelea kupanda.

Na mgonjwa wa kiharusi ageuzwe kila baada ya saa 2. Wafundisheni ndugu, masista hawatoshi. Kidonda cha mgongo, kinacholetwa na kulala bila kugeuzwa, ni wiki nyingine wodini, na wiki hizo familia inazilipia kwa kuuza mbuzi.

Unapomruhusu mtu, vuta kiti ukae. Muulize dawa zikiisha atazipata wapi, na nani atanunua. Yule mama nilipomuuliza, alimtazama binti yake, binti akainamisha kichwa. Tukarudi kwa daktari bingwa, tukapitia orodha pamoja, dawa 6 zikabaki 4 za lazima, tukahakikisha kwa simu kwamba kituo cha afya cha kwao wanazo. Furosemidi tukamwandikia kidonge kizima.