Soma chipu kabla hujaiandika: kwa wadogo zangu mnaoanza benchi

Jumanne nimemkuta kijana wetu mpya ameshachomoa betri ya laptopu iliyokuwa katikati ya apdeti ya BIOS, ile programu ya kwanza inayoiamsha mashine. Skrini ilikuwa nyeusi kwa dakika tatu. Nilipomuuliza akanijibu, "Kaka, iliganda, nikaona niizime." Haikuganda. Ilikuwa kazini. Sasa ndiyo imekufa kweli, na mwenyewe alikuwa anakuja kuichukua saa kumi jioni.

Sikumfokea, maana ni kijana msikivu na ana mkono mzuri wa kulehemu kuliko mimi nilivyokuwa umri wake. Lakini nina miaka kumi na nne kwenye benchi hapa Kariakoo, na kosa hili naliona kila anapoingia kijana mpya. Nimelisema mpaka koo limekauka, sasa naliandika. Na apdeti zenyewe hazipungui. Vyeti vya mwaka 2011 vya Secure Boot, ule ulinzi unaokagua kinachoiwasha mashine, vinaanza kuisha muda wake Juni 2026, kwa hiyo fimwea mpya, yaani programu za ndani ya bodi, zinasukumwa hata kwenye mashine ambazo mwenyewe hajawahi kuingia BIOS maishani mwake. Analala ikiwa nzima, anaamka imekuwa giza, anakuja kwetu.

1. Subiri. Apdeti ya siku hizi siyo kitu kimoja. Inaingia BIOS yenyewe, inaingia ME (kijikompyuta cha Intel kilicho ndani ya mashine), inaingia fimwea ya EC (chipu inayosimamia umeme na kibodi), na mashine inaweza kujizima na kujiwasha mara kadhaa katikati ya hayo. Ikimaliza, inaipima RAM upya, na kwenye DDR5 skrini inaweza kukaa giza dakika kadhaa bila hata nembo. Chomeka chaja, nenda kanywe chai. Mimi sigusi kitu kabla ya nusu saa kupita, hata mteja akiwa amesimama juu ya kichwa changu anahema.

2. Baada ya nusu saa hiyo, toa umeme wote. Chaja nje, betri ya ndani ichomolewe kwenye bodi, shikilia kitufe cha kuwasha sekunde 60. Kama kuna betri ya CMOS, ile ndogo inayotunza saa na mipangilio, nayo itoke kidogo. Rudisha na RAM moja tu. ThinkPad nyingi zina tundu dogo la rizeti kwa chini. Pini ya kutolea laini ya simu inatosha, huna haja ya kufungua.

3. Hesabu taa. Taa zinaongea, ninyi hamzisikilizi. Dell ikipiga njano 2 na nyeupe 2, shida ni BIOS. Njano 2 na nyeupe 3, haioni RAM. Njano 3 na nyeupe 3, imetafuta faili ya kujiokoa haikuipata. HP ikipiga nyekundu 2 na nyeupe 2, BIOS imeharibika na haina nakala ya kujirudishia. Irekodi kwa simu uhesabu polepole. Mwaka juzi kijana mmoja, ambaye leo ana duka lake na namheshimu sana, alibadilisha waya wa skrini, akabadilisha skrini, akaanza kuulizia bei ya bodi. Muda wote huo taa ilikuwa inamwambia RAM, njano mbili, nyeupe tatu, tangu asubuhi. Nikaitoa RAM, nikaisugua miguu kwa rababa ya penseli, ikawaka. Tukacheka wote wawili, lakini mteja alikuwa ameshanunua skrini ambayo hakuihitaji, na hela ile tulimrudishia.

4. Jaribu njia ya mtengenezaji kabla ya kugusa chipu. HP, shika Windows na B pamoja na kitufe cha kuwasha. Dell, shika Ctrl na Esc huku unachomeka chaja. Faili ya BIOS iwe kwenye flashi iliyofomatiwa FAT32.

5. Ikionyesha nembo lakini Windows haiingii, huo siyo msiba. Apdeti imerudisha mipangilio ya kiwandani. Diski iliyokuwa inasomwa kwa AHCI sasa inasomwa kwa RAID au VMD, au kinyume chake, na Windows inaleta bluu ya INACCESSIBLE BOOT DEVICE. Ingia BIOS, rudisha ilivyokuwa, basi. Kwa wa Linux, mara nyingi ni ingizo la GRUB (kiwashaji cha Linux) tu limefutika kwenye orodha ya kuwasha. Nawaomba sana, acheni kukimbilia kupiga Windows mpya. Mtu amekuletea mashine ikiwa na maisha yake ndani, wewe unamrudishia kopo tupu linalowaka.

6. Programa, kile kifaa cha kusoma na kuandika chipu ya BIOS moja kwa moja. Hapa nitakaa kidogo.

Mwaka 2021 mwalimu mmoja wa sekondari, aliyekuwa anamalizia shahada ya uzamili, aliniletea laptopu iliyokatikiwa na umeme katikati ya apdeti. Betri yake ilikuwa imechoka, haishiki hata dakika mbili. Taa inawaka, feni inazunguka, skrini giza. Nikapita hatua zote nilizoandika hapo juu, hazikusaidia. Nikafungua, nikaiona chipu ya miguu minane, nikabana klipu, nikachomeka programa yangu ya CH341A. Faili safi ya bodi ile nilikuwa nimeishusha mtandaoni tangu jana yake. Nikafuta, nikaandika, nikahakiki.

Sikusoma kwanza.

Kusoma chipu ya megabaiti 16, yaani kunakili kilichomo, ni dakika chache. Mlangoni kulikuwa na wateja watano, na moyoni nilijiambia kilichomo ndani kimeshaharibika, nihifadhi uharibifu wa nini? Mashine ikawaka. Nembo ikatokea. Nikampigia simu nikiwa na furaha kama mtoto, akaja haraka na bodaboda, akakaa kwenye kile kiti cha plastiki, nikamgeuzia skrini. Ilikuwa ya bluu. BitLocker, kufuli la diski la Windows, inadai tarakimu 48.

Akaniuliza, "Hizo namba si unazo wewe, fundi?"

Wadogo zangu, kwenye mashine nyingi za miaka hii TPM, mtunza siri za kufungulia diski, siyo chipu ya peke yake. Iko ndani ya ME, na siri zake zinatunzwa kwenye ile ile chipu ya BIOS tunayoibana kwa klipu. Mle ndani kuna namba ya mashine, kuna leseni ya Windows, kuna anwani ya MAC ya kadi ya mtandao, na kuna siri inayofungua diski. Kilichoharibiwa na umeme kukatika kilikuwa sehemu ya BIOS. Sehemu ya ME huenda ilikuwa nzima kabisa. Ningeisoma kwanza, ningechukua dampu yake mwenyewe, yaani nakala nzima ya chipu, ningebadilisha sehemu ya BIOS peke yake, nikairudisha, na yale mengine yangebaki yalivyo. Siyo umeme uliofuta ile siri. Niliifuta mimi, kwa kubofya mara moja.

Tukageukia funguo ya akiba, zile tarakimu 48. Laptopu ilikuwa ya mtumba, na aliyemuuzia ndiye aliyeiwasha mara ya kwanza kwa akaunti ya Microsoft aliyoifungua yeye. Diski ilijifunga yenyewe na funguo ikaenda kwenye akaunti hiyo. Mwalimu hakujua hata kama diski yake imefungwa. Tulimtafuta muuzaji, tukampata, akasema kila mashine anaifungulia akaunti mpya na nywila haikumbuki. Namba ya simu aliyoisajili ilikuwa laini aliyoitupa zamani. Tulihangaika naye wiki tatu. Hakuna.

Mle ndani kulikuwa na mahojiano 34 ya wazee wavuvi wa Bagamoyo. Aliyarekodi kwa simu, akayahamishia kwenye laptopu, akayafuta kwenye simu ili apate nafasi ya kurekodi mengine. Kazi ya miezi kumi na moja. Hakunipigia kelele, na ningependa angepiga. Alisema tu, "Basi kaka yangu, ndiyo imeshatokea," akafunga mkoba wake. Sikuchukua hela yake, nikamwekea diski mpya, lakini hayo hayakuwa malipo ya chochote. Baadaye aliniambia alirudi Bagamoyo kurekodi upya, akakuta mzee mmoja ameshafariki. Sauti ya mzee yule ilikuwa kwenye diski niliyoifunga mimi. Diski yenyewe ninayo kwenye droo, kwa ruhusa yake, nimeiandika jina na tarehe. Kila nikimwona yule muuzaji namuuliza kama ile laini ameirudisha.

Ndiyo maana kwenye benchi langu hakuna anayebofya kufuta kabla hajasoma. Soma mara tatu. Linganisha heshi za faili zote tatu, zile alama zinazoonyesha kama faili zinafanana kabisa. Zikitofautiana hata kidogo, klipu haijakaa, safisha miguu ya chipu urudie. Ukipata FF tupu, yaani hakuna data yoyote, kuanzia mwanzo hadi mwisho, hujagusa chipu bado. Zikilingana, hifadhi sehemu mbili kwa namba ya kazi, kisha ndiyo ufikirie kuandika. Na ME ya mashine nyingine ukiibandika nzima bila kuisafisha, usishangae laptopu ikijizima yenyewe kila baada ya nusu saa; nimeziona nyingi zikitoka kwa mafundi wengine hivyo.

7. Angalia volti. W25Q64FV ni ya volti 3.3, W25Q64FW ni ya 1.8. Herufi moja tu, na CH341A bila adapta ya 1.8 inaweza kuichoma. Soma maandishi kwa lenzi, siyo kwa kukisia.

8. Mapokezi. Baada ya yule mwalimu niliongeza maswali mawili kwenye daftari letu, na naona mnayaruka kwa sababu foleni ni ndefu. La kwanza: humu ndani kuna nini ambacho huwezi kukipoteza? La pili: akaunti ya Microsoft iliyomo ni ya nani, na nywila yake unaijua? Aliyeijua, mwambie akae hapo hapo, afungue kwenye simu yake ukurasa wa funguo za BitLocker kwenye akaunti hiyo, aandike zile tarakimu 48 kwa kalamu yake. Na mteja anayekuja kuomba apdeti yenyewe, sitisha BitLocker kwanza, betri iwe imejaa, na LUKU uangalie uniti zimebaki ngapi.

Tukirudi kwenye mashine ya Jumanne, bado iko benchi. Kijana ameisoma mara tatu, nami nimesimama nyuma yake, heshi zimelingana. Kesho asubuhi tunaandika sehemu ya BIOS peke yake. Mwenyewe alipopiga simu saa tisa na nusu nilipokea mimi, nikamwambia kilichotokea: ilikuwa haijamaliza apdeti, na tuliizima sisi. Kijana alitaka kutoka nje nikiongea. Nikamwonyesha kiti, akakaa, akasikiliza mpaka mwisho.