Ekseli ya Nyuma na Breki Zake: Haraka Yangu Ilivyonigeuza Barabarani

Msomaji mmoja ameniandikia akitaka kujua aanze na kipi kwenye pikapu yake ya kujifurahisha: ekseli ya nyuma iliyo imara zaidi, au breki za diski mahali pa zile za dramu. Nilicheka kwa uchungu, kwa kuwa swali hilohilo niliwahi kulijibu kwa pupa, na jibu langu likaniacha nikitazama nilikotoka.

Pikapu yangu ni Ford Ranger iliyotoka kiwandani na dramu nyuma na difu (gia za katikati ya ekseli) ya inchi 7.5, yaani kipenyo cha gia yake kubwa. Nilinunua ekseli ya inchi 8.8 iliyofunguliwa kwenye Ford Explorer ya 1998, na hadi leo najivunia uchaguzi huo: hafshafti zake, vile vyuma vinavyozungusha magurudumu, zina meno 31 badala ya 28, huja na diski zake, na stadi tano za gurudumu, zile boliti zinazoshika rimu, zimepangwa kwenye duara lilelile la milimita 114.3, hivyo rimu zangu ziliingia bila ubishi. Yaliyoniponza ni yale niliyoyaruka. Kwenye Explorer springi hukaa chini ya ekseli, kwenye Ranger hukaa juu, kwa hiyo ilibidi vikalio vya springi kwenye ekseli vikatwe na kuchomelewa upya. Fundi hakupima pembe ya pinioni, ile gia ndogo ya difu inayopokea mzunguko kutoka kwa propela, nami nilikuwa na haraka kumshinda. Majuma mawili pikapu ilitetemeka kila nilipokanyaga mafuta, nami nikawa nalaumu matairi.

Gia nazo sikuzihesabu. Kwenye ekseli ya zamani pinioni ilizunguka mara 3.45 kwa kila mzunguko mmoja wa magurudumu, kwenye mpya ikawa 4.10; kwa hiyo pale injini ilipokuwa ikizunguka mara 2,500 kwa dakika, sasa ilikaribia 2,970 kwa mwendo uleule. Kabla hujalipa, zungusha magurudumu yote mawili pamoja mzunguko mmoja na uhesabu mizunguko ya pinioni.

Kuhusu breki niliambiwa kwamba diski ni diski, zitashika tu. Nikaamini. Pikapu tupu ina uzito mdogo nyuma, na ukikanyaga breki hata huo mdogo huhamia mbele. Asubuhi moja ya mvua nilikanyaga ghafla, magurudumu ya nyuma yakajifunga kabla ya yale ya mbele, na mkia ukanipita ubavuni taratibu, kama mtu anayeaga. Sikugonga kitu, ila mikono ilitetemeka hata baada ya kuzima injini.

Ndugu zangu, tunapenda mno kununua chuma na tunachukia kupima! Ekseli na breki ni uamuzi mmoja. Angalia kama masta silinda (pampu kuu ya breki) au bomba la nyuma lina valvu inayobakiza presha ya dramu, takribani psi 10 (psi ni kipimo cha presha), kwa sababu ikibaki hapo pedi zitaendelea kusugua diski hadi zichemke. Weka valvu ya kurekebisha presha kwenye bomba la nyuma, uanze na presha ndogo, ujaribu mahali pa wazi pasipo na watu, kwanza pakavu, kisha penye maji, ukiongeza kidogokidogo. Magurudumu ya mbele ndiyo yanayopaswa kujifunga kwanza, daima.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, anza na tepu ya kupimia. Valvu yangu ina alama ya rangi nyeupe pale iliposimama siku nilipomaliza majaribio, na sijaigusa tena.